Nani Aliamua, Nani Anabeba: Jicho la Sosholojia kwenye Matatizo ya Mazingira

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa sosholojia na maafisa maendeleo ya jamii. Waliokosa kufika wameomba maandishi yake, basi naiweka nzima kama ilivyosemwa, ila zile picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wakubwa zangu shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimepewa mada ndefu kiasi kwamba nikiisoma yote nusu ya muda wangu itakuwa imekwisha. Nitaifunga kwenye maswali mawili, na nawaomba muyashike mpaka mwisho. La kwanza: nani aliamua? La pili: nani anabeba, yaani nani anaumia na matokeo ya uamuzi huo? Ukifika mahali ambapo mto umekauka, au udongo umeondoka, au moshi umetanda, uliza hayo mawili kabla hujauliza kingine chochote.

Wenzetu wa sayansi asilia watatuambia maji yana kemikali gani na udongo umepotea kwa kina gani. Tunawahitaji sana, na mtu asije akatoka hapa akasema nimewadharau. Lakini kipimo cha maabara hakikwambii kwa nini dampo liko upande huu wa barabara na halipo upande wa pili. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Na tukiri, sisi wanasosholojia tulichelewa kuja kwenye kazi hii. Émile Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, alitufundisha kwamba jambo la kijamii lielezwe kwa jambo jingine la kijamii. Alikuwa anaijengea taaluma changa msingi wake, na alikuwa na haki. Waliomfuata wakayachukua maneno yake kama ruhusa ya kusahau kwamba jamii inakula, inakunywa na inavuta hewa. Mpaka mwaka 1978, Wamarekani wawili, William Catton na Riley Dunlap, walipoandika kwamba taaluma yetu inamchukulia binadamu kana kwamba sheria za viumbe wengine hazimhusu. Ndipo sosholojia ya mazingira ikaanza kusimama kwa miguu yake.

Nianze na joto.

Julai 1995, jiji la Chicago lilipigwa na joto lililofika karibu nyuzi 41. Kwa siku chache tu, vifo vilizidi vya kawaida kwa zaidi ya 700. Ukisikia hivyo unasema ni kazi ya hali ya hewa, nani atabishana na jua? Mwanasosholojia Eric Klinenberg alibishana. Alitazama vitongoji viwili vinavyopakana, North Lawndale na South Lawndale, huu wa pili wenyeji wanauita Little Village. Kote kuna maskini wengi. Kote kuna wazee wengi wanaoishi peke yao. Jua lilikuwa lile lile, siku zilikuwa zile zile. Lakini North Lawndale walikufa watu kama 40 kwa kila wakazi 100,000, na South Lawndale hawakuzidi 4.

Mara kumi, ndugu zangu. Mtaa unapakana na mtaa, na tofauti ni mara kumi!

Tofauti hiyo ilitoka wapi? Twende tukaione barabarani. North Lawndale viwanda viliondoka, wakazi wakafuata, maduka yakafungwa, viwanja vikabaki vitupu na magugu. Mzee anaogopa kutoka nje kwa sababu nje hakuna watu, wapo wauza dawa za kulevya tu. Anafunga mlango, anafunga na madirisha, anabaki ndani ya chumba kinachochemka. Ng'ambo ya pili barabara imejaa: maduka, wauzaji wa barabarani, watoto, msongamano. Mzee anatoka bila hofu, anaingia dukani penye ubaridi, anazungumza na watu, na asipoonekana siku mbili kuna mtu atagonga mlango wake. Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba wanaume walikufa kupita wanawake, ingawa wazee wa kike wanaoishi peke yao ni wengi zaidi. Wanawake walikuwa na watu wa kuwaulizia hali. Wanaume wengi walikuwa wamekatika na watu zamani. Akina baba mliomo humu, hilo nimelisema kwa makusudi.

Sasa, nani aliamua? Hakuna ofisa aliyesaini karatasi kwamba wazee wa North Lawndale wafe. Maamuzi yalitawanyika kwa miaka mingi: mwenye kiwanda aliyehama, benki iliyokataa mkopo, bajeti iliyopunguza huduma. Kila mmoja akiulizwa atasema mimi sikuua mtu, na atakuwa anasema kweli. Hii ndiyo sababu matatizo ya mazingira yanamhitaji mwanasosholojia: mkosaji mara nyingi ni mpangilio, na mpangilio hauwezi kupelekwa mahakamani. Na ninyi maafisa maendeleo, sikieni vizuri. Anayehakikisha mtaa una soko lililo hai, njia inayopitika na watu wanaojuana, anafanya kazi ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, hata kama neno hilo halimo kabisa kwenye ripoti yake.

Lakini kuna mahali ambapo mwamuzi anajulikana kwa cheo na kwa sahihi. Jimbo la North Carolina, mwaka 1978, mafuta yenye PCB, kemikali za viwandani zenye sumu, yalimwagwa kinyemela usiku kandokando ya barabara kwa mamia ya kilomita. Serikali ya jimbo ikakusanya udongo wote ule wenye sumu na ikatafuta pa kuufukia. Ikachagua Warren, wilaya maskini ambayo wakazi wake wengi walikuwa Wamarekani weusi. Wahandisi wengine walionya kwamba maji ya chini ya ardhi pale yako karibu mno na uso wa nchi. Malori yalipoanza kufika mwaka 1982, watu wakalala barabarani. Zaidi ya 500 walikamatwa.

Walishindwa. Udongo ulifukiwa pale pale. Ila kelele zao zilifanya wengine waanze kuhesabu. Mwaka 1983 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliangalia madampo manne makubwa ya taka hatarishi katika majimbo ya kusini mashariki, ikakuta matatu yako kwenye jamii za watu weusi walio wengi. Mwanasosholojia Robert Bullard alikuwa ameshaanza hesabu kama hiyo huko Houston. Hapo ndipo yalipozaliwa madai ya haki ya kimazingira, na hayakuzaliwa chuoni. Sisi tulikuja baadaye na madaftari yetu.

Yupo atakayeniambia: mwalimu, hewa ni moja, uchafu unamfikia kila mtu, tajiri na maskini. Mwanasosholojia Mjerumani Ulrich Beck alisema kitu karibu na hicho mwaka 1986, mwaka ule ule kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka na kutawanya wingu la mionzi. Ana nusu ya ukweli. Wingu lile halikuuliza mtu pasipoti. Lakini mwenye uwezo huhama, hununua maji ya chupa, hupata daktari mapema. Hatari inaweza kufika kwa wote. Njia ya kutokea hawaipati wote.

Sasa nageukia jambo linalonikera kuliko yote, na mtaniwia radhi nikipandisha sauti. Mara nyingi anayebeba ndiye huyo huyo anayeambiwa kuwa mharibifu.

Wilaya ya Kissidougou, nchini Guinea, ina vijiji vingi vilivyozungukwa na misitu minene, na katikati ya kijiji na kijiji kuna nyika ya majani. Tangu mwisho wa karne ya 19 wataalamu waliokuja waliona picha moja: hapa palikuwa na msitu mkubwa, wakulima wameumaliza kwa moto na kilimo cha kuhamahama, na hivi vipande ndivyo masalia. Picha hiyo ikarithiwa na utawala wa kikoloni, ikarithiwa na serikali huru, ikarithiwa na wafadhili. Ikazaa sheria, ikazaa faini, ikazaa miradi ya kumfundisha mwanakijiji kupenda miti.

Miaka ya 1990 watafiti wawili, James Fairhead na Melissa Leach, walifanya jambo la ajabu sana. Wakawauliza wazee.

Mnacheka, lakini hesabuni wenyewe miaka: karibu karne nzima ilipita kabla ya kuwauliza. Wazee wakasema babu zetu walipokuja hapa walikuta majani. Msitu umekuja baada ya kijiji. Watu walipanda misufi kuzunguka makazi ili iwe ngome wakati wa vita. Ng'ombe waliofungwa karibu na nyumba walikula majani, na majani ya kuezekea yalikatwa pale pale, hivyo moto wa nyika ulipofika ulikosa cha kuchoma. Bustani na samadi zilinonesha udongo. Taratibu miti ikashika. Watafiti wale hawakuishia kwenye simulizi. Walilinganisha picha za angani za mwaka 1952 na picha za setilaiti za karibuni, na wakakuta kwamba sehemu nyingi misitu ile ilikuwa imebaki kama ilivyokuwa au imeongezeka.

Fikirini maana yake. Mtu aliyepanda msitu alitozwa faini kwa kosa la kuumaliza! Aliyeamua hakuwahi kukaa pale msimu mzima. Aliyebeba ni yule ambaye hekima yake haikuandikwa popote.

Sisemi kwamba wazee husema kweli siku zote. Zipo sehemu misitu imekwisha kweli, na ukiuliza utaambiwa hadithi nzuri tu. Ninachosema ni kwamba maelezo ya kijijini yapimwe kama yanavyopimwa maelezo ya ofisini, na ya ofisini yapimwe kama ya kijijini.

Haya, tuje kwenye kanuni. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1968 mwanabiolojia Garrett Hardin aliandika makala ambayo nadhani kila mmoja humu amewahi kuisikia, hata kama hajui ameisikia. Alisema: chukua malisho yaliyo wazi kwa wote. Kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja, kwa sababu faida ya ng'ombe huyo ni yake peke yake, na hasara ya nyasi inagawanywa kwa wote. Wote wakifanya hivyo, malisho yanakufa. Dawa yake ikawa serikali ishike, au mali igawiwe watu binafsi. Maneno haya yaliingia kwenye sera za nchi nyingi kana kwamba ni kanuni ya fizikia.

Elinor Ostrom, msomi wa siasa kutoka Marekani, hakuyakubali mzima mzima. Alikwenda kutazama wale wanaotumia mali kwa pamoja wanafanyaje hasa. Akakuta malisho ya Hardin hayana wenyewe, na malisho mengi duniani yana wenyewe, wanaojuana na wanaosutana. Kijiji cha Törbel, katika milima ya Uswisi, kilikuwa na kanuni iliyoandikwa mwaka 1517: hakuna mwanakijiji atakayepeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Ni kanuni rahisi kuihakiki. Kila mtu anaona jirani yake ana nyasi kiasi gani zizini. Mwaka 2009 Ostrom akapata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata.

Lakini kisa ninachotaka mkichukue ni cha Nepal, ambako Ostrom na wenzake walilinganisha mifereji ya umwagiliaji. Upande mmoja kuna mifereji ya wakulima wenyewe. Banio lake, yaani kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji mferejini, ni mawe, udongo na matawi ya miti, na kila mwaka masika yakija mto unalibeba. Upande wa pili kuna mifereji iliyoboreshwa na wahandisi: banio la zege, la kudumu, lililogharimu fedha nyingi. Ni ipi ilifikisha maji vizuri kwa wakulima wa mwisho wa mfereji?

Ni ile ya mawe na matawi.

Kwa nini? Tazameni kwa karibu. Mkulima wa juu, aliye karibu na banio, anapata maji kwanza. Angeweza kuyamaliza, na wa chini akakauka. Lakini banio la matawi likibomoka, mkulima wa juu hawezi kulijenga peke yake. Anahitaji mikono ya wale wa chini. Na wa chini wanasema: tutakuja kubeba mawe, ila maji yafike kwetu. Hapo pana mapatano, na mapatano hayo yanafanywa upya kila mwaka, mto unapolazimisha. Kisha anakuja mhandisi na nia njema. Anaweka zege. Banio halibomoki tena, na mkulima wa juu hamhitaji tena yule wa chini. Maji yanaishia juu. Kwenye karatasi mradi umefaulu, banio limesimama, picha zimepigwa, utepe umekatwa. Kilichobomoka ni yale mapatano, na mkaguzi hakuwa na safu ya kuyajaza kwenye fomu yake.

Nani aliamua? Mhandisi, wizara, mfadhili. Nani anabeba? Mkulima wa mwisho wa mfereji. Na yeye huyo, kwenye uzinduzi, huenda alipiga makofi.

Simaanishi zege ni baya. Zege lenyewe lingeweza kuwekwa baada ya watu kukaa na kukubaliana upya: sasa tusipohitajiana kwa mawe, tutahitajiana kwa lipi? Lakini swali hilo ni la kijamii, na katika timu nyingi za miradi mtu wa kuliuliza huajiriwa mwishoni, akapewa kazi ya kuitisha mkutano na kugawa posho.

Na sasa nisije nikawadanganya kwamba jamii ni kitu kimoja chenye sauti moja. Tunapenda kusema "jamii imekubali". Jamii gani? Mwaka 1969 mtaalamu wa sera Mmarekani, Sherry Arnstein, alichora ngazi ya ushirikishwaji yenye vidato vinane. Chini kabisa watu wanachezewa akili, kileleni wananchi ndio wenye madaraka, na katikati yake pamejaa kuarifiwa, kuulizwa maoni na kutulizwa. Mikutano mingi niliyohudhuria ilikuwa katikati, na karatasi ya mahudhurio iliandikwa kama ya kileleni.

Mchumi Bina Agarwal alifuatilia vikundi vya kutunza misitu India na Nepal. Kamati zinaitishwa, wanaume wanakaa, wanapitisha kanuni: msitu ufungwe, mtu asiokote kuni. Kanuni nzuri kwa msitu. Lakini anayeokota kuni ni nani? Mwanamke hakuwepo kwenye kikao, au alikuwepo akakaa pembeni kimya. Kesho yake anatembea mwendo mrefu zaidi kutafuta msitu mwingine, au anaingia usiku kwenye huu uliofungwa, na akikamatwa anaitwa mwizi. Agarwal alipolinganisha kamati alikuta kwamba zenye wanawake wengi zaidi, misitu yake ilizidi kuwa na hali nzuri. Wanajua nani anaingia, saa ngapi, na kwa nini.

Shinyanga, nchini Tanzania, panatufundisha pande zote mbili za jambo hili. Miti mingi ilikatwa katika kampeni za kumaliza mbung'o, na miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vipya, mbali na maeneo waliyokuwa wakiyatunza. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 haukubuni kitu kipya. Uliegemea ngitili, yale maeneo ambayo Wasukuma huyafunga ili yawe akiba ya malisho ya kiangazi, na ukatumia dagashida, yaani mikutano ya jadi ya jamii, na nguvu ya sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, kulinda kanuni. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na uoto. Nani asingefurahi? Mimi nafurahi. Ila mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa, na asiye na ng'ombe hufaidi kidogo. Uoto umerudi na ngazi za watu zimebaki palepale. Ukipima hekta tu hutaliona hilo.

Wakati wa chai kijana mmoja aliniuliza, na swali lake ni zuri: mwalimu, mimi nimepewa miezi mitatu na fomu ya kujaza, hayo yote nitayafanya lini? Nikamwambia fanya machache. Usimalizie ziara ofisini kwa mtendaji. Tembea mpaka mwisho wa mfereji, ukaone kama maji yanafika. Nenda saa wanayochota maji na kuokota kuni, uzungumze na waliopo, na usikae na daftari mkononi muda wote. Omba muhtasari wa mikutano iliyopita na uone majina yanayojirudia. Kisha uliza swali moja la uchokozi: nani wa mwisho kutozwa faini hapa, na nani alivunja kanuni ile ile asitozwe? Jibu la swali hilo litakufundisha zaidi ya dodoso la kurasa arobaini. Huenda mwenyeji wako akanuna. Mwache anune, lakini jina la aliyekujibu usiliandike popote.

Na ukirudi kuandika ripoti, pale penye sehemu ya "changamoto", acha kuandika "uelewa mdogo wa wananchi". Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi mno, na sijawahi kusoma ripoti iliyoandika "uelewa mdogo wa mradi".

Nimemaliza. Mwenyekiti, naomba maswali, na kipaza sauti kianzie kwa waliokaa nyuma.